Saini ya Mdhamini na Deni la Nyumba Nzima

Kila unapowadia msimu wa wanafunzi kutafuta nyumba za mwaka ujao, huja wajomba na mashangazi wa jumuiya yetu hapa England wakiwa na hati mkononi, wakiuliza dhamana waliyoombwa na kijana wa ndugu yao mwisho wake ni wapi. Na aghalabu huuliza baada ya kutia saini. Safari hii jambo limekuwa zito, kwani shangazi mmoja, aliyemdhamini mtoto wa kaka yake aliyekuja kusoma kutoka Mombasa, amedaiwa kodi ya vijana wawili asiowajua kwa sura wala kwa jina, ilhali mtoto mwenyewe hana deni hata la peni moja.

Madai hayo, kwa masikitiko yetu, ni halali. Wanafunzi wakipanga nyumba kwa mkataba mmoja, kila mmoja wao huchukua dhima ya kodi yote, na mwenye nyumba ana hiari ya kumdai amtakaye. Na mdhamini aliyeahidi kutimiza wajibu wote wa mpangaji huchukua dhima iyo hiyo, pamoja na gharama za uharibifu. Tuseme vijana watano wanalipa £2,500 kwa mwezi, wawili wakaacha masomo na kutoweka: pengo la £1,000 kila mwezi laweza kuelekezwa kwako wewe uliyedhani umedhamini chumba cha £500, hasa ukiwa na nyumba yako mwenyewe na mshahara unaojulikana.

Kwa sheria ya 1677, itumikayo mpaka leo, dhamana ya mdomo haina nguvu mahakamani. Sharti iandikwe na kutiwa saini. Basi nguvu yako yote iko kabla ya saini, na hapo ndipo madalali wanapoharakisha, wakileta hati jioni na kuitaka asubuhi, bila ya kumweleza mtu kwamba kwa saini hiyo anadhamini nyumba nzima. Hili ni jambo la kukirihisha, na vyuo vinavyopokea ada kubwa za wageni vingeweza kulisemea zaidi kuliko kumpa kijana kijitabu na kumwacha aende zake.

Sheria ya haki za wapangaji ya 2025, ambayo sehemu yake kubwa kwa England iliwekewa tarehe 1 Mei 2026 kuanza, inamzuia mwenye nyumba kutoza kodi ya zaidi ya mwezi mmoja kabla upangaji haujaanza. Kusudi lake ni jema. Lakini mwanafunzi wa kigeni asiye na mdhamini, aliyekuwa akilipa miezi sita mbele, sasa hana budi kumwendea jamaa. Tena, kwa kuwa nyumba za kawaida hazitakuwa na mkataba wa muda maalumu, dhamana isiyotaja ukomo yaweza kuendelea mwezi baada ya mwezi maadamu upangaji unaendelea.

Kwa hiyo mwandikie dalali, wala usimpigie simu tu, utake hati itaje jina la kijana wako peke yake, fungu lake la kodi, kiasi cha juu kabisa utakachodaiwa, na tarehe ya kukoma. Na kwamba akiingia mpangaji mwingine, au kodi ikipanda, ridhaa yako itatakiwa upya. Akikataa, kijana na atafute nyumba ambayo kila mpangaji ana mkataba wake wa chumba chake. Najua haya ya kumkatalia ndugu aliye mbali ilivyo nzito, lakini aliyeomba hasomi hati hiyo, nawe ndiwe utakayeitwa. Wala usikubali kutozwa ada ya kukaguliwa kama mdhamini. England imeipiga marufuku tangu 2019.

Aliyekwisha kupata madai ya mahakama asiyafungie kabatini. Siku za kujibu ni 14 tangu kukabidhiwa maelezo ya madai, na hukumu isiyolipwa ndani ya mwezi mmoja hubaki katika kumbukumbu za mikopo kwa miaka 6, ikimzuia mtu kukopa fedha ya nyumba. Mdhamini aliyelipa ana haki ya kuwadai waliokimbia, ingawa kumfuatia kijana aliyekwisha kurejea kwao ni kazi ya gharama. Chukua hati ya dhamana, mkataba wa nyumba na barua zote, uende Citizens Advice au uwapigie Shelter, ambao hawatozi, kabla ya siku hizo kwisha.