Pembe na Nundu: Ishara ya Ng'ombe katika Michoro Sahili ya Penseli, Bukoba na Muleba

Makala haya yanafafanua namna mchoro sahili wa penseli unaomsawiri ng'ombe unavyobeba maana katika mazingira ya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Hoja kuu ni kwamba katika mchoro wa mistari michache, maana hubebwi na kiungo kilichoteuliwa kumtambulisha mnyama, na kwamba uteuzi huo haufasiriki kwa kutegemea hazina ya Kiswahili peke yake.

Kwa mujibu wa semiotiki ya Charles Sanders Peirce, mchoro ni ikoni kwa kuwa unafanana na kirejelewa chake. Hata hivyo, mchoro sahili huacha mengi: rangi ya ngozi, uzito wa mwili, mwendo. Kinachobakizwa ndicho huvuka mipaka ya ufanano na kuwa ishara, yaani alama ambayo maana yake hutokana na mazoea ya jamii.

Methali ya Kiswahili "Ng'ombe haelemewi na nunduye" inateua nundu. Uteuzi huo unaafikiana na zebu, ng'ombe wa nundu kubwa na pembe fupi aliyeenea Afrika Mashariki. Nundu hapa ni mzigo wa asili, na ng'ombe ni mtu asiyelemewa na wajibu wake. Kwa upande mwingine, ng'ombe wa Ankole, anayefahamika sana Kagera, ana nundu ndogo na pembe ndefu zilizopinda kuelekea juu. Anayemchora kwa mistari mitatu hawezi kuziacha pembe.

Uteuzi wa pembe una historia. Huko Bweranyange, Karagwe, miongoni mwa vifaa vya utawala vya Mfalme Rumanyika, aliyetembelewa na Speke na Grant mwaka 1861 na Stanley mwaka 1876, mlikuwa na sanamu za ng'ombe za chuma. Miili yake imefupishwa mno, ilhali pembe zimekuzwa. Ukoo wa Bahinda uliotawala Karagwe ndio uliotawala pia Ihangiro, eneo ambalo sehemu yake kubwa sasa iko Muleba. Katika muktadha huo, pembe hudokeza mamlaka.

Maana ya pili hutokana na mahali mnyama alipochorwa. Akiwekwa kwenye rweya, yaani mbuga ya malisho, huashiria ufugaji. Akiwekwa kando ya migomba, huashiria kibanja, kwa kuwa samadi ya ng'ombe waliolishwa rweya ndiyo iliyorutubisha migomba na mibuni kwa vizazi vingi. Hapo mnyama ni kielekezi: humwelekeza mtazamaji kwenye rutuba ya ardhi na uwezo wa kaya, hata kama ndizi hazikuchorwa.

Tofauti hizi zina athari katika uhakiki. Katika Kiswahili cha mazungumzo, kumwita mtu ng'ombe ni kumtukana kuwa mjinga. Mhakiki anayeongozwa na maana hiyo anaweza kuona dhihaka pale ambapo mchoro, kwa pembe zake ndefu na migomba iliyo kando, unazungumzia heshima na riziki. Uchambuzi wa michoro inayoambatana na matini za Kiswahili hauna budi kuanza na maswali mawili: ni kiungo gani kimebakizwa, na ni jamii ipi iliyokizoea?