Nani huwatoa askari kambini? Kazi ya Jenerali Santos Cruz

Katika mikutano na kamati za wakimbizi wa ndani kutoka Kibua, swali moja hurudi: nani huamua kama askari wa Umoja wa Mataifa watoke kambini au wabaki ndani? Tumeona tulijibu kwa kueleza kazi ya afisa mmoja, Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz wa Brazili.

Aliongoza askari wa Umoja wa Mataifa nchini Haiti kuanzia 2007 hadi 2009. Mwaka 2013 aliitwa tena, safari hii kuongoza askari wa MONUSCO kwetu Kongo. Tarehe 28 Machi mwaka huo Baraza la Usalama lilikuwa limepitisha azimio 2098, lililounda kikosi cha askari kama 3,000 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kiliruhusiwa kuyashambulia makundi yenye silaha bila kungoja kushambuliwa. Novemba M23 ikashindwa. (Kwamba ilianza tena vita mwishoni mwa 2021 na kuuteka Goma Januari 2025, ninyi mnajua kuliko sisi.)

Watu wa Kibua walingoja zamu ya FDLR. Hawajasahau Januari 2009, wakati Kibua ilikuwa makao ya FDLR, na majeshi ya Kongo na Rwanda yalipokuja kuishambulia, raia wakauawa. Lakini zamu haikufika walivyotarajia. Mei 2014 wapiganaji wachache walitoa silaha Buleusa, na kundi zima likapewa muda hadi tarehe 2 Januari 2015. Muda ulipokwisha, Umoja wa Mataifa ulikataa kusaidia operesheni, kwa sababu majenerali wawili wa Kongo walioteuliwa kuiongoza walishukiwa kuvunja haki za binadamu. Sababu hiyo ni nzuri, nasi tunaitetea. Hata hivyo, mama aliyelala porini hakuelezwa. Jenerali alikuwa na askari, bali neno la mwisho lilikuwa New York na Kinshasa.

Baadaye alishika usalama wa umma katika serikali ya Brazili, na mwaka 2019 akawa waziri kwa miezi michache. Kabla ya hapo Umoja wa Mataifa ulimwomba achunguze kwa nini walinda amani wanauawa. Ripoti yake ya Januari 2018 ilihesabu 195 waliouawa kwa mashambulizi tangu 2013 hadi 2017. Watanzania 15 walikuwa wameuawa Semuliki, Beni, tarehe 7 Desemba 2017, lakini uchunguzi wa tukio hilo alipewa Dmitry Titov wa Urusi, si yeye. Hoja yake ilikuwa kwamba bendera ya bluu haimkingi mtu tena, na askari anayejifungia kambini ndiye anayejiweka hatarini.

Ripoti hiyo iliandikwa kwa usalama wa askari, si wa raia. Lakini viongozi wa kambi wanaweza kuitumia. Kamanda akija kuwatembelea, msimwulize tu kama atawalinda. Mwulizeni amri yake inamruhusu nini usiku, na nani, hapa au katika nchi yake, anaweza kumzuia.