Taka za Mtaa Wako Zina Uzito Gani?

Kila mkulima wa Kangari anajua kwamba majani chai hayakisiwi kwa macho. Yanawekwa kwenye mizani kituoni, kilo zinaandikwa, na malipo yanafuata. Taka za nyumbani nazo zinahitaji hesabu. Kaunti, ambayo kwa mujibu wa Katiba ya 2010 ndiyo yenye jukumu la kuzoa taka, haiwezi kupanga malori, mafuta na wafanyakazi bila kujua mzigo ni wa kiasi gani. Ikikadiria kidogo, taka hurundikana na mvua huzisomba hadi mitaroni na mitoni. Ikikadiria kupita kiasi, kodi yako hulipia lori linalorudi nusu tupu.

Hesabu inafanywaje?

Njia ya kawaida ni kuzidisha idadi ya watu kwa wastani wa taka ambazo mtu mmoja hutoa kwa siku. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2018 iliweka wastani huo kuwa kilo 0.46 kwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara, na kilo 0.74 kwa dunia nzima.

Tuchukue mfano wa mtaa wenye nyumba 500. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 1,056,640 katika Kaunti ya Murang'a, wastani wa watu 3.3 hivi kwa kila nyumba. Mtaa huo basi una watu 1,650. Wakitoa kilo 0.46 kila mmoja, hizo ni kilo 759 kwa siku, au kilo 5,313 kwa wiki. Lori la tani 3 litalazimika kwenda safari mbili kila wiki.

Kwa nini wastani hautoshi?

Kilo 0.46 ni wastani wa eneo kubwa lenye miji na vijiji. Kangari, mwenye ng'ombe na shamba hatupi maganda ya viazi wala majani ya sukuma wiki, lakini mpangaji wa chumba kimoja karibu na soko hutupa kila kitu. Msimu nao hubadilisha hesabu: bonasi ya chai ikilipwa ununuzi huongezeka, na Desemba nyumba hujaa wageni. Taka za soko na hoteli huhesabiwa kando.

Ndiyo maana kipimo bora ni mizani. Katika utaratibu wa Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa, UN-Habitat, nyumba chache za vipato mbalimbali huchaguliwa, na taka zao hupimwa kwa siku 8 mfululizo. Za siku ya kwanza hazihesabiwi, kwa sababu huenda zilikuwa zimekusanyika kwa siku kadhaa. Ukipimiwa, toa taka kama kawaida. Ukizipunguza ili uonekane msafi, mtaa wako utapangiwa lori dogo.

Wewe unaweza kubadilisha nini?

Katika nchi zenye kipato cha chini, zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya chakula na mimea. Wakazi wa mtaa wetu wa mfano wakibaki na nusu ya taka zao nyumbani kwa ajili ya mbolea na mifugo, mzigo unashuka hadi kilo 2,650 hivi kwa wiki. Safari mbili zinakuwa moja, yaani safari 52 zimepungua kwa mwaka.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Anza na ndoo mbili: moja ya maganda na mabaki ya chakula, nyingine ya plastiki, chupa na karatasi. Kisha zipime kwa wiki moja, hata kwa mizani ya kuazima, na ugawe kwa idadi ya watu nyumbani na kwa siku 7. Nenda na jibu lako kwenye kikao cha umma wadi inapojadili bajeti ya usafi. Mkazi mwenye kilo mkononi ana hoja ya kudai lori la kutosha.