Chumvi kwa Ng'ombe wa Nyama

Bei ya maksai hutegemea mwili wake, na mwili hutokana na malisho. Lakini yako malisho yapendezayo machoni ambayo hayamtoshi mnyama, kwa sababu yamepungukiwa na kitu kimoja kidogo, nacho ni chumvi.

Nyasi nyingi za bara zina chumvi haba. Ng'ombe naye huitumia kila siku katika mate yake, ambayo kwa ng'ombe mkubwa huweza kupita lita 100 kwa siku. Akiikosa, kwanza hutumia akiba iliyomo katika mate hayo. Ndiyo sababu mwenyewe haoni dalili upesi. Baadaye hamu ya kula hupungua, manyoya hukosa kung'aa, na mnyama hukonda. Huonekana akilamba udongo, kuta, na hata mikojo ya wenzake.

Wafugaji wa Bonde la Ufa walilijua jambo hili tangu zamani, wakawa wakipeleka makundi yao penye udongo wa chumvi. Ng'ombe aliyezungushiwa seng'enge hawezi kuifuata chumvi. Basi yapasa chumvi imfuate yeye.

Maksai mmoja hutosheka na gramu 20 hivi kwa siku, yaani kilo 6 kwa mwezi kwa ng'ombe 10. Iwekwe katika kihori kilichoezekwa, ili mvua isiiyeyushe, na kiwe karibu na maji. Maji yasikosekane kamwe. Ng'ombe aliyekaa siku nyingi bila chumvi, akiila kwa wingi pasipo maji, aweza kufa; kwa hiyo aanzishwe kidogo kidogo.

Hata hivyo, chumvi tupu si dawa ya kila upungufu. Zamani katika sehemu za Nakuru ng'ombe walikonda hata kufa huku majani ni tele, mpaka wataalamu wakagundua kwamba udongo wa huko umepungukiwa na madini ya kobalti. Ng'ombe atafunaye mifupa naye mara nyingi amekosa fosforasi. Hapo yafaa chumvi iliyochanganywa na madini, baada ya kumwuliza Bwana Mifugo ni madini gani yaliyopungua katika wilaya hiyo. Wala chumvi haiondoi minyoo wala kupe. Dawa na josho zingali kazi ya mfugaji.

Gharama ya chumvi ya mwaka mzima kwa ng'ombe 10 ni ndogo sana kuliko bei ya maksai mmoja. Aionaye kuwa hasara ataikuta hasara yenyewe siku ya mnada.