Jipu halina wakili

Tarehe 20 Novemba 2015, Rais John Magufuli alipolihutubia Bunge Dodoma kwa mara ya kwanza, aliufananisha ufisadi na jipu, akasema ameamua kulitumbua. Neno likawa la kila kijiwe, Kibaha mpaka Kisarawe. Mama lishe alilielewa kama profesa alivyolielewa. Lilichukiza, lilichekesha, na zaidi ya yote lilikuja na hukumu yake tayari. Mtuhumiwa ana haki ya kusikilizwa, lakini jipu halina wakili. Ndiyo maana Aprili 2016, Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam aliposimamishwa kazi papo hapo jukwaani, siku ya kuzindua Daraja la Kigamboni, swali la utetezi wake halikupata nafasi katika shangwe zile.

Nguvu ya wanasiasa wanaojinadi kuwa sauti ya wananchi haitokani na wepesi wa maneno yao. Inatokana na kumwamulia msikilizaji kabla hajaonyeshwa ushahidi. Wala mtindo huu haukuanza na Magufuli. Miaka ya 1990 Mchungaji Christopher Mtikila aliwapanga "walalahoi" dhidi ya "magabacholi", neno la dharau kwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Mwaka 2022 William Ruto aliingia Ikulu ya Kenya akiwatetea "mahasla", yaani wahangaikaji wa kawaida, dhidi ya "dainasti", yaani familia za watawala, ingawa wakati huo alikuwa Naibu Rais kwa karibu miaka 10. Kwa Magufuli walikuwa wanyonge na mabeberu. Majina hubadilika, mpangilio ni ule ule: sisi tunaoonewa, wao wanaotuonea, na mimi niliyeletwa kuwakomboa.

Sasa mnyonge ni nani? Barabara ya Morogoro ilitoa jibu lake mwaka 2017. Kuanzia Kimara hadi Kiluvya, mpakani mwa Dar es Salaam na Pwani, nyumba zilipakwa X nyekundu ukutani, kisha tingatinga likapita. Serikali ilisema zimo ndani ya hifadhi ya barabara, hivyo hakuna fidia. Huenda sheria ilikuwa upande wake, silo ninalobishia. Ninachosema ni kwamba watu waliokuwa wanyonge wakati wa kampeni waliamka wakiitwa wavamizi, na hawakuwa na pa kukatia rufaa dhidi ya jina hilo. Kundi la wanyonge halina daftari la wanachama. Anayeliita ndiye anayeamua leo nani yumo na kesho nani katoka.

Atakayebisha atasema: lakini kazi ilifanyika. Ni kweli. Kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha zilipanuliwa kuwa njia 8, na aliyewahi kukwama kwenye foleni ya Mbezi hahitaji kuelezwa faida yake. Ila matunda ya kazi hayathibitishi kila kilichosemwa jukwaani. Tazama sakata la makinikia, ule mchanga wenye madini uliokuwa ukisafirishwa nje. Mwaka 2017 taifa liliambiwa linaibiwa na liko kwenye vita vya kiuchumi; kampuni ya uchimbaji dhahabu ya Acacia ikapelekewa madai ya kodi, riba na adhabu ya dola bilioni 190. Januari 2020 mgogoro ulimalizwa na Barrick, mmiliki wa Acacia, kwa dola milioni 300, hisa za asilimia 16 na kampuni ya ubia iitwayo Twiga. Si haba, na pengine bila kelele zile tusingepata hata hizo. Lakini kutoka bilioni 190 hadi milioni 300 ni pengo lililostahili maelezo marefu, na lugha ya vita haina subira ya maelezo marefu. Anayeuliza hesabu huonekana yuko upande wa adui.

Pingamizi zito zaidi ni hili: wananchi wazungumziwe kwa lugha gani basi, ile ya "upembuzi yakinifu" na "mchakato shirikishi"? Hasha. Lugha hiyo nayo huficha, tena huficha kwa adabu. Kisarawe yenyewe ina mfano wa maneno mepesi yasiyodanganya. Jokate Mwegelo, aliyeteuliwa mkuu wa wilaya hiyo mwaka 2018, aliendesha kampeni ya "Tokomeza Zero". Ni maneno mawili, yanagusa moyo wa kila mzazi, na yanambana aliyeyasema: matokeo ya kidato cha nne hutoka kila mwaka, na yeyote anaweza kuhesabu waliopata sifuri. Mabeberu huwezi kuwahesabu.

Kwa hiyo msomaji wa Kibaha au Kisarawe asiogope kushangilia; ashangilie, kisha aulize kiasi gani, lini, na nani atalipa. Pa kuulizia papo. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi 3, na mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa mbele ya wote. Nendeni.