Rimu Mpya kwa Gari la Zamani: Usalama Huanzia Kwenye Bolti



Wapo miongoni mwenu wanaoyatunza kwa fahari magari ya zamani, hususan Volkswagen Beetle, na kuyafunga rimu za kisasa. Hatuwakatazi, twawasihi mzingatie vipimo.

Beetle za awali zina bolti 5 kwa kila gurudumu, zilizopangwa katika duara la milimita 205. Nyingi za tangu mwaka 1968 zina bolti 4 katika duara la milimita 130. Rimu isiyolingana na gari isilazimishwe, wala matundu yake yasipanuliwe.

Linalosahauliwa zaidi ni umbo la bolti. Bolti za kiwandani zimeviringwa chini ya kichwa, ilhali rimu nyingi za dukani huhitaji bolti zilizochongwa mfano wa faneli. Zikichanganywa, bolti hugusa rimu kwa ukingo mwembamba tu. Huonekana imekaza, kumbe hulegea polepole safarini.

Ondoeni kutu, anzeni kuzifunga bolti kwa mkono, kisha zikazeni kwa kukingamisha, kwa spana ya kipimo. Zungusheni usukani hadi mwisho pande zote, mhakikishe tairi haligusi madigadi wala mpira wa breki. Baada ya kilomita 50 hivi, kazeni tena.

Gurudumu likichomoka katika barabara ya Kabale kuelekea Katuna, haliulizi uraia wa mtu: humgonga yeyote aliye kando ya njia. Mkihisi usukani unatetemeka, simameni mahali salama, mkague bolti kabla ya kuendelea na safari.