Radio na Weasel: nyimbo tano za kuanza nazo, na namna ya kuzisikiliza

Wengi wetu wa umri huu tulicheza nyimbo za Radio na Weasel kwenye harusi na kwenye sikukuu za promosheni. Lakini ukimuuliza mtu jina la wimbo mmoja tu, anakujibu: "Ile ya Waganda." Nyimbo zilitufikia bila majina. Zilitoka Kampala, zikapita mpaka, zikafika Goma, halafu zikapanda ndani ya karte memwa mpaka huku Omate, ambako mwenye kuchaji simu za wachimbaji wa dhahabu ndiye pia anawajazia muziki. Kwenye simu inaandikwa "Track 07", basi. Kwa hiyo, ndugu na dada wasomi, maandishi haya ni ya kuwasaidia kuzipata kwa majina yao na kuzielewa kidogo, hata kama hamusikii Kiganda.

Kwanza, hao ni nani? Radio ni Moses Ssekibogo, wengi walimwita Mowzey Radio. Weasel ni Douglas Mayanja, mdogo wake Jose Chameleone. Wote wawili waliimba nyuma ya Chameleone kabla ya kujitenga na kuanzisha kundi lao, Goodlyfe, karibu 2008. Na kuna jambo moja wenzangu wanalishangaa kila nikilitaja: Radio alisoma saikolojia pale Makerere. Ni msomi kama wewe. Kwetu, mwenye diploma akionekana na gitaa, wajomba wanakaa kikao kuuliza pesa ya minerval ilienda wapi. Mimi niko agronome, sipigi hata ngoma, lakini kikao cha namna hiyo nakijua. Radio yeye aliandika nyimbo sawa vile mtu anafanya kazi ya kila siku, za kundi lake na za wasanii wengine wa Kampala.

Sasa namna ya kusikiliza. Mutanisamehe mfano wa shamba. Masisi mama anapanda mahindi na maharagi katika mstari mmoja. Mahindi inasimama, haragi inapanda juu yake, na chini kwenye mizizi haragi inaleta azoti kwenye udongo. Ukizitenganisha, kila moja inaota, lakini shamba halikupi sawasawa. Sauti ya Radio ni nyororo, inapanda juu bila kulazimisha, ndiyo inabeba ule mwito unaobaki kichwani. Sauti ya Weasel ni nzito, ya kukwaruza, ya raga, inaingia kwa mapigo mafupi. Watu wanasema Radio alikuwa mwimbaji na Weasel msindikizaji. Mimi sikubali. Utamu wa Radio ukiachwa peke yake dakika nne unachosha, sawa na chai yenye sukari nyingi. Weasel akiingia, sikio linapumzika, na Radio akirudi unamsikia upya. Ukishajua hiyo, kila wimbo wao unakuwa mwingine.

Anza na "Nakudata", kwa sababu jina lake tayari ni lako: ni Kiswahili cha mitaani, maana yake umenipagawisha. Ni moja ya zile za kwanza, za mwaka 2008, na inaonyesha kwamba hata kabla hawajakuwa wakubwa walikuwa wanatazama ng'ambo ya mipaka ya Uganda.

Ya pili ni "Bread and Butter". Jina ni mkate na siagi. Huku ingekuwa fufu na sombe. Mpenzi anaambiwa si mapambo, ni chakula. Kama una mtu wa kumtumia wimbo na hujui uanze na gani, tuma huo.

Ya tatu, "Ngenda Maaso". Hapa nataka tukae kidogo, juu ya lugha. Watu wanakimbia muziki wa Kiganda wakisema hawaelewi, lakini masikio yao ni ya Kibantu na yanaelewa zaidi ya vile wanavyofikiri. "Ngenda" ni "naenda". Anayesema Kinyarwanda ana "kugenda" tangu utoto. "Maaso" ni macho, na kwa Kiganda ukisema unaenda "mu maaso", unaenda kule macho yanatazama, yaani mbele. Naenda mbele. Fanya hivyo hivyo na "Lwaki Onnumya", ambayo ndiyo ya nne. "Lwaki" ni kwa nini, hilo ujifunze tu. Lakini ndani ya "onnumya" utalisikia "kuuma" la Kiswahili, na maana ni hiyo: kwa nini unaniumiza? Radio anauliza bila kelele. Nafikiri hapo ndipo saikolojia inatokea, kwa sababu mtu mwenye maumivu ya kweli hapigi makelele kila mara.

Ya tano, "Magnetic". Hiyo ni ya kucheza, sina mengi ya kusema. Weka bafle nje, ongeza sauti, umwangalie Weasel anavyofanya kazi. Mwaka 2013 walikuwa kati ya Waafrika waliopendekezwa kwa tuzo za BET kule Marekani. Kuna "Neera" pia, ya maharusi, lakini hiyo hata mukikataa kuitafuta itawapata wenyewe.

Munajua kwamba haiwezekani tena kuwaona wawili jukwaani. Mwezi wa kwanza 2018 Radio alipigwa katika ugomvi kwenye baa moja ya Entebbe. Alilazwa hospitali Kampala na akafariki tarehe 1 Februari, akiwa na miaka 33. Baadaye mahakama ilimhukumu mtu mmoja miaka 14 gerezani. Weasel aliendelea kuimba. Mimi namsikiliza, ila ile nafasi mahali Radio alikuwa anaingia naisikia kila mara, hata kama mpiga kinanda ameijaza.

Kuna "Tambula Nange", moja ya nyimbo za mwisho za Radio. "Tambula" ni "tembea", "nange" ni "na mimi". Iko chini ya jina lake peke yake, Weasel hayumo. Usianze nayo. Sikiliza zile tano kwanza, mara mbili ao tatu, mpaka sikio lako lizoee kumngojea Weasel, ndipo uifungue hiyo.